Baba yuko kambini, mtoto yuko kliniki: maswali yenu kuhusu matunzo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza: Igoma, Buhongwa, Kayenze, Sengerema, na moja imevuka maji kutoka Ukara. Karibu zote zina mkanganyiko mmoja ndani yake, kwa hiyo tuutatue kwanza. Matunzo ya mtoto hutoka mfukoni kwa mzazi. Serikali haina kapu la kumlipia baba aliyetoroka. Inachotoa ni watu na karatasi za kumfikia: afisa ustawi, Mahakama ya Watoto, cheti cha kuzaliwa, amri ya hakimu. Fedha za TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ni jambo jingine kabisa. Zile hutoka serikalini kwenda kwa kaya maskini, baba awepo asiwepo. Anayezichanganya hizi mbili hupoteza miezi akigonga ofisi isiyohusika.

Nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi saba. Baba yake ni mvuvi wa dagaa, hatukufunga ndoa. Alikuwa akituma pesa kwa simu, sasa anasema mtoto si wake, na ndugu zake wanasema hakuna mahari iliyolipwa hivyo hawadaiwi kitu. Nianzie wapi?
*Mama Tatu, Buhongwa*

Mama Tatu, anza wiki hii. Usisubiri mwezi ujao, na sababu ni hesabu ya miezi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mwanamke kupeleka ombi la matunzo dhidi ya mwanamume anayemtaja kuwa baba wakati bado mjamzito, au ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Wewe umebakiwa na mitano. Baada ya hapo mlango haufungwi kabisa, ila unakuwa mwembamba: utatakiwa kuonyesha kwamba ndani ya ile miezi 24 ya mwanzo huyo mwanamume alitoa fedha za kumtunza mtoto. Pia ipo nafasi kwa aliyeondoka nchini, ambapo miezi 24 huhesabiwa tangu arudi.

Ndiyo maana zile pesa za simu ni mali. Meseji ya shilingi 15,000 yenye jina lake na tarehe inaweza kuwa na thamani kuliko mashahidi watano wa mtaani. Kama simu imeibwa au meseji zimefutika, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho, omba taarifa ya miamala ya kipindi hicho, ichapishwe. Usikate vipande vya picha za skrini na kuviunganisha. Hakimu anataka kuona mfululizo mzima.

Kuhusu mahari, ndugu zake wanachanganya mila na sheria. Ni kweli kwamba kwa desturi za kwetu, mtoto asiyelipiwa alihesabiwa wa wajomba, na wazee bado hulitaja hilo kwenye vikao. Lakini wajibu wa kumlisha, kumvisha, kumtibu na kumsomesha mtoto chini ya Sheria ya Mtoto haupimwi kwa ng'ombe wala kwa cheti cha ndoa. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, basi. Kabla ya 2009 hali ilikuwa ya aibu: sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa iliweka kikomo cha matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kikabaki hapo hata shilingi 100 ilipokuwa haitoshi kununua andazi. Sheria mpya iliifuta.

Sasa njia yenyewe. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, upate barua ya utambulisho. Beba barua hiyo, kadi ya kliniki ya mtoto, tangazo la kizazi au cheti cha kuzaliwa, taarifa ya miamala, na picha au meseji zinazoonyesha mliishi kama wazazi. Toa nakala mbili za kila kitu, asili ubaki nayo wewe. Buhongwa iko Nyamagana, kwa hiyo unakwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya Halmashauri ya Jiji. Walioko Ilemela wanakwenda Manispaa ya Ilemela, na wa Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe kila mmoja halmashauri yake. Usiruke ukaenda ofisi ya mkoa. Watakurudisha, na nauli yako imekwenda.

Afisa ustawi atakusikiliza na kumwandikia mwenzako wito. Hapa ndipo mashauri mengi ya wavuvi yanapokwama, kwa kuwa wito hauna anwani. Mama anaandika "yuko visiwani" na jina la utani. Kambi za uvuvi ni nyingi, na mvuvi wa dagaa leo yuko Kome, mwezi ujao yuko Goziba ambako ni mkoa wa Kagera. Kusanya haya kabla hujaenda: jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, jina la tajiri mwenye mtumbwi, namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni mwa mtumbwi, mwalo, yaani ufuko wanaoshushia dagaa, na jina la kiongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa mwalo huo. Viongozi wa BMU huwajua wavuvi wanaoingia na kutoka, na barua ya afisa ustawi ikipitia kwao humfikia mtu ambaye mtendaji wa kijiji hajawahi kumwona. Ukiweza, taja pia siku za mbalamwezi, maana ndizo wanazokuwa nchi kavu. Wito unaomtaka aje katikati ya giza, yaani siku zisizo na mwezi wanapovua, hautamkuta.

Akija mkaafikiana, afisa ataandika makubaliano. Yasome yote kabla ya kutia saini. Yataje kiasi, tarehe, njia ya kulipa na namba ya simu itakayopokea. "Atakuwa anasaidia" si makubaliano, hiyo ni salamu. Jua pia kwamba karatasi ya ustawi ni ushahidi mzuri, lakini si amri ya mahakama. Akiivunja, afisa hawezi kumkamata. Hapo, au kama amekataa kuja, ombi linakwenda Mahakama ya Watoto, na afisa ustawi ataandaa ripoti kuhusu hali ya mtoto na ya wazazi wote wawili. Siku anapokutembelea nyumbani, mwonyeshe maisha yalivyo. Usiazime makochi ya jirani, wala usifiche unga.

Akiendelea kukana, mahakama huangalia kama kulikuwa na ndoa, kama jina lake limo kwenye daftari la vizazi, kama alifanya desturi ya kumpokea mtoto, kama aliwahi kumkiri mbele za watu, na majibu ya vinasaba. Kipimo cha vinasaba hufanywa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi yake hupitia mamlaka zilizotajwa kisheria kama vile mahakama au ustawi wa jamii. Anayekuambia umpe unywele wa mtoto na laki moja akupimie kwa siri, mkimbie.

Kwa wasomaji ambao mtoto ameshavuka miezi 24 na hakuna hata shilingi moja iliyowahi kutumwa: mwulizeni afisa ustawi kuhusu ombi la kuthibitisha uzazi. Hilo ni ombi tofauti na lina muda wake.

Hakimu hupangaje kiasi? Jirani yangu alipata 100,000 kwa mtoto mmoja, mwingine 40,000 kwa wawili.
*Msomaji, Igoma*

Hakuna jedwali. Mahakama hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna mmoja ambaye uwezo wake wa kufanya kazi umepungua, watoto wengine anaowalea mdaiwa, gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Kwa hiyo jirani zako hawakupata "bei" tofauti. Waliwasilisha mambo tofauti. Makosa mawili tunayaona tena na tena. La kwanza ni kutaja namba kubwa ya duara, tuseme 300,000, bila mchanganuo. La pili ni kusahau gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka.

Kaa chini uandike. Tuchukue mtoto wa darasa la pili, bei ziwe za mfano tu, wewe weka za soko lako. Sare jozi mbili 50,000, sweta 15,000, viatu 25,000, begi 18,000, madaftari na kalamu mwaka mzima 24,000. Jumla 132,000, gawa kwa 12, unapata 11,000 kwa mwezi. Ongeza chakula cha nyumbani 2,000 kwa siku, yaani 60,000. Chakula cha shule 10,000. Sabuni, mafuta na maji 12,000. Akiba ya matibabu 7,000. Chumba mnachopanga ni 50,000 na mnaishi wawili, nusu yake ni ya mtoto, 25,000. Jumla kuu 125,000 kwa mwezi.

Sasa usimpelekee baba 125,000 zote, kwa sababu na wewe ni mzazi na hakimu atakuuliza unaingiza nini. Kama kipato chake ni mara mbili ya chako, ni busara kumwomba theluthi mbili, kama 83,000, nawe ubebe iliyobaki. Sheria haisemi theluthi mbili. Ni namna ya kuonyesha kwamba umefikiri. Ombi la aina hii ni gumu kulipinga, kwani anayelipinga inabidi aseme ni kipi kiondolewe, viatu au uji.

Watu bado huuliza kwa nini waandike gharama za shule ilhali elimu ni bure. Ada imefutwa, ndiyo. Tangu Januari 2016 hadi kidato cha nne, na kidato cha tano na sita tangu mwaka wa masomo 2022/23. Serikali hupeleka shuleni ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 wa sekondari kwa mwaka. Pesa hiyo ni ya chaki, mitihani na ukarabati. Haimnunulii mtoto sare wala haimpi chakula cha mchana.

Kwa mvuvi wa dagaa kuna jambo la ziada, nalo hufaa zaidi kwenye makubaliano ya ustawi kuliko mahakamani. Pesa yake haiji mwisho wa mwezi. Inakuja kwa giza: wanavua usiku usio na mwezi kwa taa, mbalamwezi ikikomaa wanapumzika, tajiri anatoa gharama za mafuta na chakula, kisha unafuata mgawo. Ukimpangia tarehe 30 utakuta baadhi ya miezi mfuko mtupu, na atakuwa anasema kweli. Andikeni "siku tatu baada ya mgawo wa kila giza, si chini ya shilingi kadhaa." Mwezi mwandamo ni siku 29 na nusu, kwa hiyo miaka mingine mtapata giza 13. La kumi na tatu linasaidia sare za Januari.

Hamjambo wanangu. Nalea wajukuu watatu, mama yao alifariki, baba yao yuko Mwanza mjini anaendesha bodaboda na ana mke mwingine. Nimeambiwa mimi siwezi kushtaki kwa sababu si mzazi. Je, ni kweli?
*Bibi, Ukara*

Shikamoo bibi. Si kweli. Ombi la matunzo linaweza kupelekwa na mzazi, mlezi, ndugu wa mtoto, afisa ustawi, hata mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima anayemsimamia. Wewe unaingia kwa milango miwili, ya mlezi na ya ndugu.

Tatizo lako ni maji. Kutoka Ukara hadi Nansio, kisha meli mpaka Mwanza, na kurudi, mara nne au tano, ni pesa ambayo ingelisha watoto. Kwa hiyo anzia Ukerewe. Mpelekee mtendaji wa kijiji maelezo, akuandikie barua kwenda kwa afisa ustawi wa Halmashauri ya Ukerewe, na umwombe huyo afisa awasiliane na mwenzake wa Nyamagana au Ilemela, kokote baba anakoishi. Kufikishiana wito kati ya halmashauri na halmashauri ni kazi yao, usikubali uambiwe ubebe barua mwenyewe. Namba ya simu ya baba na kijiwe anachopaki pikipiki vitoshe kumpata. Vijiwe vingi vina mwenyekiti, na mwenyekiti anamjua kila dereva.

Ambatanisha cheti cha kifo cha mama yao. Kama hakipo, anza na hicho, maana kila ofisi itakiuliza. Kuwa na mke mwingine hakumwondolei baba wajibu. Mahakama itawahesabu watoto wake wa nyumba ya pili katika kupanga kiasi, haitawafuta hawa watatu.

Na bibi, uliza pia kama kaya yako imo kwenye orodha ya TASAF. Jibu linalofuata linakuhusu.

Mwanzo nilikuwa napokea fedha za TASAF vizuri. Sasa kila malipo yanapungua na hakuna anayeniambia kwa nini. Je, ni wizi?
*Mlengwa, Kayenze*

Inawezekana, lakini kwanza ondoa sababu za kawaida, kwa sababu tisa kati ya kumi zinazoletwa kwetu ziko kwenye daftari la mahudhurio.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulianza 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa 2020. Malipo ni ya kila baada ya miezi miwili. Ruzuku ina pande mbili. Upande mmoja haugusiki: unatolewa kwa kuwa kaya ni maskini na ina watoto. Upande wa pili una masharti ya shule na kliniki, na huo ndio unaopanda na kushuka. Viwango vimebadilika kati ya awamu na awamu, lakini vya kipindi cha kwanza vinaonyesha vizuri jinsi hesabu inavyojengwa. Msingi wa kaya 10,000 kwa mwezi, nyongeza ya kuwa na watoto 4,000. Mwenye mtoto mchanga anayehudhuria kliniki 4,000. Kila mtoto wa shule ya msingi 2,000, mwisho wanne. Kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000 kila mmoja, mwisho watatu. Kidato cha tano na sita 6,000, mwisho wawili. Na haidhuru kaya ikawa kubwa vipi, kikomo kilikuwa 38,000.

Kwa viwango hivyo, kaya yenye mtoto mchanga, wawili wa msingi na mmoja wa kidato cha pili ilipata 26,000 kwa mwezi, yaani 52,000 siku ya malipo. Mmoja wa msingi akikosa sharti, 2,000 za mwezi zinaondoka. Hazionekani nyingi, mpaka wakose watatu kwa pamoja.

Sharti la shule ni mahudhurio ya asilimia 80. Mwezi wenye siku 20 za masomo unadai siku 16. Mtoto akikosa siku tano, ameanguka. Na huku mwaloni tunajua wanakosa lini: dagaa wakishuka kwa wingi na jua likiwa kali, watoto wanabaki kuanika. Mama anapata ujira wa siku wa mtoto, kisha anakatwa ruzuku miezi miwili baadaye na haunganishi mambo haya mawili. Sharti la kliniki ni kila mwezi kwa mtoto wa chini ya miezi 24, na kila miezi sita kwa wa miaka miwili hadi mitano.

Lakini mara nyingi mtoto amehudhuria na karatasi haikuhudhuria. Mwalimu hakujaza fomu, au aliijaza ikachelewa. Mtoto alihama shule, au alifaulu kwenda kidato cha kwanza na kwenye kumbukumbu bado yuko darasa la saba, kwa hiyo anasomeka kama mtoro wa shule ambayo hasomi tena. Jina la TASAF linasema hivi, la shule linasema vile. Au mtoto amefikisha miaka 18 na sehemu yake imekoma, hapo hakuna kosa.

Fanya hivi. Kabla ya malipo yajayo nenda shuleni, omba kuona mahudhurio ya kila mtoto kwa miezi miwili iliyopita, yaandike. Zahanati nako angalia kama hudhurio la kliniki limeingizwa, si kwenye kadi yako tu bali kwenye fomu yao. Ukikuta kosa, mwambie mjumbe wa kamati ya jamii ya TASAF ya mtaa wako, naye akujazie fomu ya marekebisho mbele yako. Usikubali "nitakumbuka". Ukikosa jibu malipo mawili mfululizo, mwone mratibu wa TASAF wa Manispaa na karatasi zako. Ikibainika kwamba masharti yote yalitimia, fomu ziliingia, na bado umepewa pungufu mkononi kuliko kiasi kilichoandikwa kwenye orodha uliyotia saini au dole gumba, basi sasa neno ulilotumia lina mahali pake, nawe una ushahidi.

Wasomaji wanaotaka kuingizwa wapya: hakuna ofisa wa kukuandika kwa siri. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji, zinahojiwa kwa dodoso, kisha majina yanarudishwa mkutanoni yathibitishwe. Orodha haifunguliwi kila wakati. Usikose mkutano, na usimlipe mtu yeyote. Siku ya dodoso sema kweli kuhusu ng'ombe na bati. Jirani zako watasikia majina yakisomwa.

Je, naweza kumpatia mwanangu cheti cha kuzaliwa bila jina la baba?
*Msichana wa Mabatini*

Ndiyo, na usimcheleweshe mtoto kwa ajili hiyo. Kwa walio chini ya miaka mitano cheti cha kwanza ni bure, na Mwanza imo kwenye mpango huo wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, tangu 2014: unasajili kituo cha afya au ofisi ya kata, si lazima uende wilayani. Beba tangazo la kizazi na kadi ya kliniki. Hakikisha herufi za jina zinafanana kila mahali. Herufi moja leo ni safari tatu mtoto akiingia darasa la saba. Ila usimwandike mwanamume ambaye si baba ili tu nafasi isibaki wazi. Wapo waliofanya hivyo, na ilipofika mahakamani jina la kwenye daftari likawa ushahidi dhidi yao wenyewe.

Binti yangu wa kidato cha pili amejifungua. Familia ya kijana imeleta 500,000 na ng'ombe mmoja, wanataka tumalizane. Je, tupokee?
*Baba, Misungwi*

Mzee, hapa pana mambo matatu, na hiyo laki tano inajaribu kuyafunika yote.

Kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 30, kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016. Kosa la jinai halimalizwi sebuleni, na mzazi anayesaidia kulificha anaweza kujikuta anaulizwa maswali polisi. Dawati la Jinsia na Watoto ndilo la kwenda. Ukishindwa kufika, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure kwa mitandao yote.

Pili ni mjukuu. Matunzo ni haki yake hadi 18, na wewe huna mamlaka ya kuyauza kwa mkupuo. Gawanya mwenyewe: 500,000 kwa miezi 216 ni kama 2,300 kwa mwezi.

Tatu ni binti. Tangu waraka wa Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi kwenye shule ya kawaida, ndani ya miaka miwili. Mpeleke kwa mkuu wa shule mapema, mkakubaliane tarehe ya kurudi kwa maandishi, na muamue nani atabaki na mtoto asubuhi. Wengi hurudi wiki mbili, kisha mlezi anakosekana na wanaacha. Kuruhusiwa shuleni wanaruhusiwa. Kinachowatoa ni kulea.

Mimi ni baba. Napeleka mahitaji kila wiki: unga, mafuta, dagaa, sabuni. Mama watoto amenipeleka ustawi akasema sitoi kitu. Nifanyeje?
*Fundi, Nyakato*

Kaka, unga hauachi risiti. Afisa hana namna ya kuona sembe iliyoliwa Machi. Kuanzia sasa tuma fedha kwa simu kutoka namba iliyosajiliwa kwa jina lako, kwenda namba ya mama, na isiwe ya dada yake wala ya wakala. Ukipenda kununua vitu, nunua vile vikubwa vyenye risiti, kama sare na viatu, na umwombe mama asaini kwenye daftari dogo: tarehe, kitu, kiasi. Akikataa kusaini, mpelekee mjumbe wa mtaa awe shahidi siku hiyo hiyo.

Kama kipato kimeanguka, usikae kimya ukisubiri wito. Amri ya matunzo hubadilishwa, na mzazi yeyote kati yenu anaweza kuiomba mahakama ileile ipunguze au iongeze, kwa ushahidi. Anayejipunguzia mwenyewe bila kuomba anajijengea deni la malimbikizo.

Amri ninayo tangu mwaka jana. Ameajiriwa, analipa anapojisikia. Polisi wamesema si kazi yao.
*Mwalimu, Sengerema*

Polisi wako sahihi kwa sehemu kubwa. Kumtelekeza kabisa mtoto wa chini ya miaka 14 bila riziki ilhali uwezo upo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na hilo ni lao. Kulipa kwa kurukaruka ni suala la kutekeleza amri, linarudi mahakamani.

Andika jedwali: mwezi, kiasi kilichoamriwa, kilicholipwa, kilichobaki. Ambatanisha taarifa ya miamala. Peleka ombi la utekelezaji, na kwa kuwa ameajiriwa, omba mahakama iagize makato kwenye mshahara yaende moja kwa moja. Utahitaji jina kamili la mwajiri, kituo cha kazi, na ikiwezekana namba yake ya utumishi. Fanya haraka, akihama kazi unaanza upya kumtafuta mwajiri. Kama huwezi kulipia wakili, halmashauri ina msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017, atakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria walioandikishwa. Huduma yao ni bure. Anayedai "pesa ya fomu" mwombe kitambulisho.

Asipotoa matunzo, je, nimzuie kumwona mtoto?
*Mama Junior, Pasiansi*

Hapana. Kumwona baba ni haki ya mtoto, si malipo ya baba. Ukimzuia unampa sababu ya kusimama mbele ya hakimu naye akiwa mlalamikaji. Mwache amwone, Jumamosi saa nne, na siku hiyohiyo mkumbushe deni kwa meseji, ili ibaki kwenye simu.